Bustani Haikaguliwi Dirishani



Wengi wenu mnaposoma ukurasa huu mwezi wa Novemba, mvua za vuli zimekwisha kuanza, majembe yako nje, na mbegu za maharage ziko ardhini. Sisi tunakuandikia kutoka Aberdeen, mji wa bandari kaskazini mwa Uskoti, ambako mwezi huu mambo ni kinyume kabisa. Majani yamepukutika. Asubuhi nyasi zimefunikwa na sakitu nyeupe kama chumvi. Siku zinafupika mbio, na ikifika mwisho wa Desemba jua litakuwa linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Ndugu zetu wa Njombe na Makete wanaijua sakitu ya Juni na Julai, lakini jua lao haliwakimbii hivi.

Sisi ni akina mama wanane kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, tunaosali pamoja hapa. Wawili kati yetu ni wauguzi. Nyuma ya ukumbi wa kanisa tulipewa kipande cha ardhi, tukakifanya bustani. Mwezi huu tunataka kukueleza jinsi tunavyoitunza bustani hiyo baridi inapoingia, na pia kosa moja tulilolifanya tukiwa ndani yake. Aliyehusika ametupa ruhusa tuandike. Jina lake tunaliacha.

Mboga zilizopangwa kama kitenge

Bustani yetu ni ya mboga, lakini imepangwa ipendeze macho. Wafaransa ni mabingwa wa kazi hii. Katika kasri la Villandry, lililonunuliwa mwaka 1906 na Joachim Carvallo, yeye na mkewe Ann Coleman waliirudishia bustani sura yake ya kale: miraba tisa iliyo sawa kwa ukubwa, kila mmoja na mchoro wake, na mboga za rangi mbalimbali zikipishana ndani yake kama maua.

Yetu ni ndogo sana. Ina miraba minane, mmoja kwa kila mama, na katikati duara lenye mti wa tufaha. Kingo za miraba ni lavenda. Ndani tunapanda kabichi nyekundu, spinachi yenye mashina ya njano na mekundu, liki zilizosimama kwa mistari, maua ya dalia, na sukuma wiki ya majani yaliyojikunja kama kamba za kusuka. Hii ya mwisho ni mboga ya wenyeji wa hapa tangu zamani. Waskoti waliipenda hata bustani ya nyuma ya nyumba wakaiita kwa jina lake, kailyard, yaani ua wa sukuma wiki. Tulipoambiwa hivyo tulicheka, tukajiona tumefika kwa shangazi.

Nini kimekufa, nini kimelala?

Mwaka wetu wa kwanza tuliharibu mengi kwa kutojua. Usiku mmoja wa Oktoba sakitu ilianguka. Asubuhi dalia zilikuwa nyeusi kama zimemwagiwa maji ya moto, na maboga yamelala chini. Mti wa tufaha ulibaki fimbo tupu. Tulikwisha kushika jembe tuung'oe, tukasema umekufa.

Bibi mmoja mwenyeji, mshiriki wa kanisa hilo, akatuzuia. Aliinama, akakwangua gome la kijitawi kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gome palikuwa na rangi ya kijani, yenye unyevu. "Huu umelala," akasema. Kisha akakwangua kijiti kingine kilichokauka karibu na ukuta. Ndani kilikuwa cha kahawia, kikavu. "Huu umekufa." Halafu akatuambia neno ambalo tumelitumia tangu siku ile: bustani ya majira ya baridi haikaguliwi kwa kuichungulia dirishani. Ukiwa mbali, kilicholala na kilichokufa vinafanana.

Tukafukua dalia pia. Juu nyeusi, lakini chini viazi vyake vilikuwa vizima, vimejaa. Kumbe kilichokufa ni nguo tu, mwenyewe yuko ndani.

Sukuma wiki nayo ilitushangaza. Baridi ikizidi, mmea huu hugeuza wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo husaidia maji yaliyo ndani ya majani yasigande upesi. Kwa hiyo ile iliyopigwa na sakitu ni tamu kuliko ya Agosti. Watoto wetu wanaokataa mboga huila hiyo.

Mraba wa kona

Sasa tufike kwenye kosa letu.

Mwaka 2021 mdogo wetu mmoja, aliyekuwa mgeni hapa kuliko sisi wote, alijifungua mtoto wake wa kwanza mwishoni mwa Agosti. Mumewe hufanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini, wiki tatu huko, wiki tatu nyumbani. Mama yake mzazi yuko Bukoba. Tulimpelekea uji na supu wiki mbili za kwanza, tukambeba mtoto, tukaimba, tukaondoka tukiwa tumeridhika.

Mraba wake ni ule wa kona, na nyumba yake ya ghorofa inatazamana na bustani. Septemba hakuja, tukasema ana mtoto mchanga. Oktoba hakuja. Dalia zake zikaungua na sakitu, spinachi ikaoza, magugu yakavuka lavenda na kuingia kwa jirani. Kila Jumamosi tulikuwa tukiinua macho kutazama dirisha lake, pazia limefungwa hata saa sita mchana.

Tukaanza kusema, na tunaona aibu kuyaandika. Mmoja alisema, "Binti wa siku hizi hapendi kazi." Mwingine akasema, "Amepata mume mwenye mshahara, atushike jembe sisi?" Mwingine, kwa nia njema, alisema amepungukiwa na maombi. Sisi wauguzi wawili tulikuwapo. Siku nzima tunawauliza wagonjwa wa watu wengine wamelalaje, wamekulaje. Huyu wa kwetu tulimsoma kwa pazia lake.

Jumamosi ya pili ya Novemba tulikuwa tunasafisha mraba ule kwa manung'uniko. Bibi yule mwenyeji akapita, akasikiliza kidogo, akauliza swali moja: "Mmemkwangua?" Tulikuwa tumemfundisha Kiswahili cha salamu, naye alikuwa ametufundisha ukucha wa kidole gumba. Hakuna aliyejibu.

Wawili wetu tulivua buti za matope, tukapanda ngazi.

"Hodi humu ndani."

Ilichukua muda. Akafungua. "Shikamooni, dada zangu."

"Marahaba, mdogo wetu. Umeamkaje?"

"Salama tu."

Ilikuwa saa nane mchana naye yu katika nguo za kulalia. Mtoto alikuwa safi, ameshiba, amelala. Hilo ndilo lililotudanganya siku zote: mtoto alikuwa safi. Mama mwenyewe alikuwa amekonda, midomo imekauka. Tukawasha jiko, tukapika chai. Tukakaa bila haraka. Tulipomwuliza kwa nini haji bustanini, alitazama dirishani akasema, "Nawaona kila Jumamosi kupitia upenyo wa pazia. Nikiangalia mraba wangu ulivyooza nasema, hata udongo umenikataa."

Mmoja wetu akamwuliza waziwazi, kama tunavyouliza kazini: "Mdogo wetu, umewahi kuwaza kujidhuru?"

Alinyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Nimewaza kwamba huyu mtoto angekuwa na heri bila mimi."

Hatukumwacha peke yake tena siku ile. Tulimpigia simu daktari wake mbele yake, akaonwa jioni hiyo hiyo. Mumewe akapewa ruhusa ya kurudi mapema. Alikuwa na sonona baada ya kujifungua. Ni ugonjwa. Haukuwa uvivu, wala kiburi, wala upungufu wa imani.

Tunachotaka kila mama ajue

Siku chache baada ya kujifungua, mama wengi hulialia bila sababu. Hali hiyo hupita yenyewe, wala haizidi wiki mbili. Ikizidi hapo, au ikianza baadaye katika mwaka ule wa kwanza, usiichukulie kuwa ni uchovu tu. Hapa Uingereza, Uskoti ikiwamo, zaidi ya mwanamke mmoja katika kila 10 huipata sonona hii ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Dalili zake ni huzuni isiyokwisha, kutopata usingizi hata mtoto anapolala, kukosa hamu ya chakula na ya watu, kujilaumu kwa kila jambo, na kujiona si mama wa kufaa.

Wauguzi wa nchi nyingi hutumia orodha ya maswali 10 iliyotungwa hapa hapa Uskoti na kutangazwa mwaka 1987, inayoitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Mmoja wa watungaji wake, daktari John Cox, kabla ya hapo alikuwa amefanya utafiti miongoni mwa wanawake wajawazito nchini Uganda, na mwaka 1983 alichapisha ulinganifu wa akina mama wa Kiafrika na wa Kiskoti. Tunalitaja hili kwa sababu bado tunasikia watu wakisema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mtu aliyesaidia kututungia maswali hayo alikwisha kuuona kwetu.

Na usiogope kumwuliza mtu kama amewaza kujidhuru. Swali halimtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, na mpeleke kwa mganga wa hospitali siku hiyo hiyo. Ombeni pamoja, ndiyo, na mwende pamoja.

Jambo moja la baridi tuliongeze hapa, maana tunaulizwa na dada wanaohamia huku. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la nchi hizi halina nguvu ya kutosha kuutengenezea mwili vitamini D. Ushauri wa afya wa hapa ni mikrogramu 10 kila siku kwa mtu mzima majira hayo, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa kuzitumia mwaka mzima. Mtoto anyonyaye hupewa matone yake tangu kuzaliwa. Ni kwa ajili ya mifupa na misuli. Hayatibu sonona, mtu asikudanganye.

Kazi za bustani mwezi huu

Kwa mama aliye katika nchi ya baridi, au mwenye dada huko wa kumsomea ukurasa huu, hizi ndizo kazi tunazozifanya kabla udongo haujaganda:

1. Dalia zikishaungua na sakitu, kata mashina, fukua viazi vyake, vining'inize kichwa chini vikauke, kisha viweke ndani mahali pasipoganda. Andika rangi ya kila kimoja.

2. Majani yenye ugonjwa yaondoe kabisa. Mashina makavu mazima yenye mbegu acha machache yasimame. Ndege hula mbegu hizo, wadudu wema hujificha humo, na yakipigwa na sakitu asubuhi yanapendeza kuliko ua la dukani.

3. Sukuma wiki na kabichi zipandishie udongo shinani na uukandamize kwa mguu, maana upepo wa hapa hung'oa. Zifunike kwa wavu. Njiwa wa porini wakikosa chakula watakumalizia mraba mzima.

4. Usichume majani yaliyoganda wala usikanyage nyasi zenye sakitu. Ngoja jua liyeyushe, kwani vilivyoganda huvunjika na kubaki na makovu.

5. Nyanya zilizobaki mbichi zichume, uziweke kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu moja. Ndizi hutoa hewa inayoziivisha.

6. Majani yaliyopukutika yajaze kwenye mifuko yenye matundu, yalowane kidogo, uyaache mwaka mmoja au miwili. Yatakuwa mbolea laini.

7. Mpira wa maji umwage wote maji. Maji yakiganda hutanuka na kupasua. Hata vyungu vya udongo vinyanyue juu ya matofali.

8. Lavenda usiikate sana wakati huu. Ukifika kwenye ule mti wake wa zamani usio na majani, mara nyingi haichipui tena.

9. Panda vitunguu saumu. Tenganisha punje, zichomeke ncha ikitazama juu, kina cha sentimita tatu hadi tano, nafasi ya sentimita 15 kati ya punje na punje.

Hii kazi ya tisa tuliiacha ya mwisho kwa sababu yake maalumu. Kitunguu saumu kinahitaji baridi. Punje isiyopitia wiki kadhaa za baridi mara nyingi haigawanyiki. Huvimba ikawa kidude kimoja cha mviringo, bila punje. Hatusemi kwamba ugonjwa wa mtu ni baridi iliyoletwa ili azae zaidi. Tumeona wagonjwa wengi mno kazini kusema hivyo. Tunaeleza tu yaliyotokea.

Mwanzoni mwa Desemba, udongo ukiwa bado haujaganda, mdogo wetu alishuka ngazi kwa mara ya kwanza. Alikuwa wiki ya tatu ya matibabu: dawa ambayo daktari alimchagulia akijua ananyonyesha, na mazungumzo na mshauri kila wiki. Mumewe alimbeba mtoto kifuani ndani ya koti. Hatukumpigia makofi. Tulikwisha kupatana hivyo. Mmoja wetu alimpa kibakuli cha punje za saumu tu, akamwambia, "Mdogo wetu, kona yako imekungoja."

Akapanda mistari mitatu. Baridi ilikuwa kali, vidole vyake vikawa vizito, na mstari wa tatu ulikwenda upande. Tulitaka kuunyosha, bibi mwenyeji akatukata jicho. Tukauacha.

Haikuwa kwamba tangu siku ile alipona. Januari ilikuwa mbaya, kulikuwa na wiki mbili ambazo hakushuka. Tofauti ni kwamba zamu yetu ya kupanda ngazi iliendelea, kila siku mtu mmoja, na atakayeona pazia limefungwa ndiye wa kupiga hodi. Machi machipuo ya kijani yalitokea yakipasua udongo, pamoja na ule mstari uliokwenda upande. Julai mwaka 2022 tulifukua. Alituletea kila mmoja wetu kichwa kimoja. Mtoto wake, miezi 11, alikaa juu ya mkeka akipasua maganda yake kama karatasi.

Mpendwa msomaji, huenda wewe huna sakitu wala theluji. Lakini katika jumuiya yenu yumo mama ambaye haonekani siku hizi, na huenda mmekwisha kumpa sababu mnazozijua ninyi. Kabla ukurasa huu haujafungwa, mtaje kwa jina moyoni. Kesho nenda. Beba chochote, hata kama ni chumvi ya kuomba kurudishiwa. Piga hodi, ukae, umwulize, kisha unyamaze mpaka ajibu.

Toleo lijalo tutaandika juu ya chakula cha mama anayenyonyesha anapofanya kazi za zamu. Mpaka hapo, tunawaaga kwa upendo.